Ukurasa wa Tembo

14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti la Baba limeanza tena ubishi wake, na Baba anabishana nalo. Anasema kosa si la goti, ni la kiti cha karakana. Mama anashona sare za muhula mpya mpaka nyumba nzima imejaa nyuzi za bluu. Jana nilikuta uzi ndani ya sikio la Mziwanda. Mziwanda mwenyewe ameng'oka jino la mbele. Anakusalimu kwa mluzi, maana ndivyo anavyoongea siku hizi.

Ninaandika barua kama ulivyoniagiza, kwa sababu mambo ya watoto wa utafiti hayafai kusemwa kwenye simu ya Baba, ambayo inasikika mpaka kwa jirani. Nilipomweleza Baba sababu hiyo alicheka, akasema, "Dada yangu amekufanya jasusi."

Asante kwa likizo ile. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi ya chuo kikuu inaweza kuwa kukaa kwenye stoo ya mipira, juu ya viti vya darasa la kwanza, na kumsikiliza mtoto akieleza anavyomuuguza mzazi wake. Bado nakumbuka yote uliyonifundisha siku zile mbili: nikae usawa wa macho ya mtoto, nisikae kati yake na mlango, nisimalizie sentensi yake. Rafiki zangu darasani sasa wananiona kero, kwa kuwa wakinyamaza nami nanyamaza, nasubiri.

Nina swali dogo. Wale watoto, watasomewa yaliyoandikwa kabla ya watu wengine kuyasoma? Nauliza tu.

Mimi binti yako,
Bi Maswali


5 Februari

Bi Maswali wangu,

Marahaba, mara mbili, moja yako na moja ya Mziwanda. Mwambie akiacha kula sukari jino litarudi, na asipoacha litarudi vilevile, lakini asimwambie mama yake kwamba mimi ndiye niliyesema. Kuhusu goti, kaka yangu amekuwa mbishi tangu tumboni. Mpeleke hospitali kwa kumwambia kwamba hawezi kufika, atafika.

Mimi nipo, nakula kwa kuchelewa na kusahau miwani kichwani. Ofisi tumehamishiwa ghorofa ya nne na lifti ni pambo tu.

Sasa nikupe habari yako. Mahojiano yote thelathini na moja nimeshayachapa. Mengi ni yale unayoyajua: "Kawaida tu." "Sijui." "Nachota maji, basi." Halafu yupo mtoto wako, yule mwembamba aliyejiita Tembo. Shangazi yako ana miaka kumi na tisa katika kazi hii, na sijawahi kusikia mtoto wa miaka kumi akisema neno kama lile. "Kuna siku natamani nikirudi kutoka shule nikute kitanda cha mama kimetandikwa, hakuna mtu." Nililisoma mbele ya wakubwa kwenye kikao. Mkurugenzi alivua miwani. Wameamua liwe ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha matokeo, peke yake, kwa herufi kubwa.

Na sikulipata mimi. Ulilipata wewe. Nimesema hivyo kikaoni, mbele ya wote.

Soma kwa bidii. Nafasi yako huku ninaiona.

Shangazi yako


12 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako jana na ninaijibu leo. Baba alifika hospitali. Mbinu yako imefanya kazi.

Shangazi, naomba ukurasa ule uondolewe.

Najua hakuna jina lake. Najua "Tembo" ni jina alilolichagua mwenyewe siku ile, na watoto wenzake walicheka kwa sababu upepo ukivuma anashika nguzo. Lakini shule yote ile ina watoto mia mbili, na mwenye mama aliyepooza upande mmoja ni yeye tu. Mwezi wa tano utakuja kuwarudishia wazazi matokeo. Utakisoma kijitabu palepale ukumbini, na kila mtu atajua kitanda ni cha nani.

Pia hukunijibu swali langu la mwezi uliopita. Samahani kwa kukukumbusha, najua una kazi nyingi.

Mama anasema nimepungua. Nimemwambia ni hesabu.

Bi Maswali


19 Machi

Mwanangu,

Nimekawia, nisamehe. Nilisafiri, nikarudi nikaumwa, nikapona nikakuta kazi imerundikana. Nimefurahi kuhusu goti. Mama yako ameniambia kwa simu kwamba siku hizi hutoki nje ya chumba. Hesabu gani hiyo?

Kuhusu ukurasa. Umefikiri vizuri, kama mtafiti. Nimebadilisha: "kitanda" kimekuwa "godoro", na "mama" amekuwa "mgonjwa wetu". Umri tumeupandisha mwaka mmoja. Fomu ya ridhaa baba yake aliisaini, na mtoto naye aliweka alama yake. Kamati ya maadili imesoma na kupitisha. Kwa hiyo hapo hatuna deni kwa mtu.

Kijitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa katikati ya Mei, mkutano ni tarehe thelathini. Wewe soma. Huu mzigo si wa kichwa chako.

Swali lako nimeliona.

Shangazi


26 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani, au ninazo lakini nikianza nazo nitajificha humo kama nilivyofanya barua zote.

Unakumbuka kadi. Kila mtoto ulimpa mbili, ya kijani na nyekundu, ukamwambia hizi ni zako, hakuna mwalimu anayeweza kukunyang'anya. Akiweka nyekundu mezani tunaacha palepale. Hatuulizi kwa nini. Tunasema asante, tunazungumza habari za mpira. Ulitufanyisha mazoezi hayo mara sita, wewe ukiwa mtoto mkaidi, mpaka nikacheka.

Siku ya Tembo wewe ulikuwa kwenye chumba cha darasa la pili na yule mtoto wa fundi viatu. Mimi na Tembo tulikuwa stooni, mlango wazi. Alikuwa ameshachora siku yake kwenye duara kama saa. Kitanda alikichora kikubwa kuliko nyumba, kando ya dirisha. Nilimwonyesha kitanda nikamuuliza, "Ukiwa hapa unajisikiaje?"

Akaitoa kadi nyekundu chini ya paja, alikuwa ameikalia, akaiweka mezani taratibu.

Niliiona. Ningependa kukuandikia kwamba mwanga ulikuwa hafifu au nilikuwa natazama mchoro. Niliiona vizuri sana. Siku tatu nzima nilikuwa nimekuletea "kawaida tu" na "sijui", na kila jioni ulisema si neno, kesho tutapata, lakini nilikuona ukifunga daftari. Nilitaka siku moja nikuletee kitu. Basi nikasogeza daftari langu mbele kidogo, kana kwamba natafuta nafasi ya kuandikia, likaifunika kadi. Nikamwambia, "Niambie mimi tu. Mimi ni kama dada yako."

Akasema. Ulichokiweka kwa herufi kubwa ndicho hicho.

Sasa unanisifu kwenye vikao. Nimekosa kwa Tembo kwanza, halafu kwako. Nipe adhabu yoyote, lakini usichapishe.

Bi Maswali


22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Karibu mwezi umepita na hujajibu. Posta nimeenda mara nne. Yule mama wa dirishani sasa akiniona kwenye foleni ananitikisia kichwa kwa mbali nisipoteze muda.

Sijui umekasirika au barua imepotea. Kama imepotea, nitaiandika tena, ingawa sidhani nitaweza kuiandika vizuri kama mara ile.

Nimekutana na Tembo. Mama alinituma kupeleka sare shuleni kwao, nikamkuta getini akifuta viatu kwa jani. Nilitaka kupita. Akaniita, "Dada wa kadi!" Hilo ndilo jina wanaloniita pale, sikulijua. Alikuwa na furaha. Baba yake, ambaye ni dereva wa lori na haonekani sana, amemletea mama yake kiti cha magurudumu. Nikamwambia hongera. Akasema, "Mama anataka kuja kwenye mkutano wenu. Hajatoka nje tangu nikiwa darasa la pili. Ameshachagua gauni."

Nilisema, "Vizuri." Shangazi, ndilo neno pekee lililonitoka. Halafu nikamkabidhi mwalimu sare pungufu moja na ikabidi nirudi.

Godoro au kitanda, mama yule atajua. Atakaa mstari wa mbele na gauni lake.

Nakuomba unijibu hata kwa ukali.

Bi Maswali


3 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya Machi niliipata tarehe mbili Aprili. Haikupotea. Nimekuwa nayo kwenye mkoba mwezi mzima, na kila nikitafuta funguo naigusa.

Sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu hukuniambia jambo ambalo sikulijua.

Katika barua yako hukuandika kilichofuata, Tembo alipomaliza kusema. Sijui ulisahau au mkono ulikataa. Mimi nakijua, kwa sababu kinasa sauti kilikuwa kinaendelea. Kuna kimya, nimekihesabu, sekunde kumi na moja. Halafu sauti yake ndogo inasema, "Naweza kuchukua kadi yangu?" Halafu daftari linaburuzwa mezani.

Nilisikia hayo tarehe ishirini Desemba, nikiwa na chai mkononi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Mara ya pili nilikuwa nimeshaelewa. Mara ya tatu na ya nne nilikuwa natafuta namna ya kutoelewa. Kisha nikachapa mahojiano yote, neno kwa neno kama tunavyotakiwa, na sentensi ile nikairuka. Kamati ya maadili ilisoma karatasi ambayo haina kadi.

Kwa hiyo barua zako za Januari na Februari nilizielewa vizuri. Nilipokuambia mkurugenzi alivua miwani, nilikuwa nanunua kimya chako kwa sifa. Wewe una miaka kumi na sita, na nilikufundisha siku mbili. Nikakupeleka peke yako chumbani na mtoto kwa sababu nilijua watamwambia msichana yale wasiyomwambia mama mwenye miwani. Na jioni nilikuwa nafunga daftari kwa kishindo. Nilijua unanitazama.

Nikueleze nilichofanya, ili usidhani naandika tu. Juzi nilipanda ngazi mpaka kwa mkurugenzi nikamweleza yote, na sentensi niliyoiruka nikamsomea. Akaniuliza, "Kwa hiyo ukurasa wa kwanza utakuwa na nini?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi si wewe utakayesimama mbele ya mkutano." Nimekubali. Atasimama mwenzangu. Kamati nimeiandikia, na majibu yao nitayapokea yakija.

Lakini bado kuna Tembo. Wewe utaenda kabla sijaenda mimi, kwa kuwa mimi ananijua kwa kadi tu, na ni wewe aliyekuambia. Mwone kwanza mwalimu wa malezi pale shuleni, nimeshampigia simu. Atakaa karibu, na Tembo achague kama anamtaka ndani au nje.

Nisikilize hapa. Usiende kuomba msamaha ili wewe upate usingizi. Mtoto ukimlilia atakubembeleza, na huyu kubembeleza ndiyo kazi yake tangu asubuhi. Mwambie ulichofanya, kwa maneno machache. Mwambie nilichofanya mimi. Mwulize anataka maneno yake yafanywe nini. Kisha nyamaza, na safari hii kimya kisiwe mtego.

Kiwanda kinataka kurasa zote ifikapo Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Ukurasa wa kwanza nimeuacha mweupe.

Msalimie kaka yangu. Nikimpigia nashindwa kuongea naye, ananiuliza kwa nini binti yake hacheki.

Shangazi yako, anayeona aibu


16 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba anatembea bila fimbo na anadai hakuwahi kuwa nayo. Mama amemaliza sare. Nyumbani nimewaambia nilichomfanyia mtoto mmoja kwenye utafiti, bila kumtaja ni nani wala alisema nini. Baba akasema, "Kwa hiyo ndiyo hesabu ile." Kisha akanimenyea chungwa.

Nilienda jana saa nane mchana. Mwalimu wa malezi alitupa ofisi yake. Tembo alichagua mwalimu akae nje ya dirisha, "nimwone, lakini asisikie." Mwalimu akatoka na kiti chake na madaftari ya kusahihisha. Nilikaa mbali na mlango.

Nilimwambia, "Siku ile uliweka kadi nyekundu. Niliiona. Nikaifunika na daftari makusudi, ili uendelee kusema. Ilikuwa ni makosa, na makosa ni yangu."

Akasema, "Najua uliiona."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, Shangazi, ila si hilo.

"Ulijuaje?"

"Uliitazama. Halafu ukatabasamu." Akaanza kukunja ncha ya tai yake. "Nilidhani labda watu wakubwa wanaruhusiwa."

Nilimwambia hawaruhusiwi. Nikamwambia kwamba shangazi yangu alimsikia kwenye kinasa sauti akiomba kadi yake, na akaficha, na sasa ameshawaambia wakubwa wake. Akauliza, "Amegombezwa?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepima jambo na kuliona linafaa.

Nikamwambia maneno yake yalikuwa yachapishwe. Hapo aliacha tai. "Yapi? Yale?"

"Yale."

"Mama atayasikia?"

"Hapana, tumeyatoa. Ila ni yako. Nimekuja kukuuliza unataka yafanywe nini."

Alijibu kabla sijamaliza. "Futeni."

"Sawa."

"Na kwenye kile kidude?"

"Pia. Shangazi atakuja kufuta mbele yako, usikilize mwenyewe kwamba hakuna kitu."

Akatazama nje. Mwalimu alikuwa anasahihisha huku amefunua mdomo kidogo, kama anavyofanya Baba akiunganisha waya. Halafu Tembo akageuka akaniuliza, "Na wewe? Kichwani utafuta?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Lilikuwa neno jepesi na lingempendeza. Nikamwambia, "Hapo siwezi. Nimeshayasikia. Naweza kutoyasema tu."

Alifikiri. Akasema, "Hata mimi siwezi." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Si kila siku. Nilisema kuna siku."

"Ndiyo. Ulisema kuna siku."

Nikanyamaza. Sikuchukua kalamu, mikono nilikuwa nimeikalia. Ukimya ulikuwa mrefu na sikutaka chochote kitoke humo, naapa. Alivuta kiti, akauliza kama kijitabu bado kitakuwa na ukurasa wake. Nikamwambia ukurasa ni mweupe; unaweza kubaki mweupe, unaweza kuondolewa, au akitaka anaweza kuweka kitu kingine, na si lazima.

"Naweza kuweka kwamba namsuka mama nywele mwenyewe?"

"Unaweza."

"Mistari minane. Hata shangazi yake anayesuka watu sokoni hawezi kunyoosha vile. Lakini watu wakisoma watajua ni mimi."

"Watajua."

"Na mama atajua."

"Naye pia."

Akacheka kidogo, akaacha, akasema hapana, ngoja kwanza. Anataka kumuuliza mama yake kama anapenda nywele zake ziandikwe kwenye kitabu, kwa sababu ni kichwa cha mama, si chake. Nilimwangalia nikafikiri kwamba huyu angekaa kwenye stoo ile upande wangu wa meza, mambo yangekuwa mengine.

Nikamuuliza atanijibu lini. Akahesabu kwa vidole. Leo mama ana mazoezi ya mkono na huwa amechoka. Kesho na keshokutwa baba yupo na wanaongea wao. Jumamosi yeye mwenyewe anafua. "Jumatatu," akasema. "Jumatatu nitakuwa nimeshajua."

Nilimwambia Jumatatu ni sawa.

Kwa hiyo, Shangazi, barua hii imebebwa na fundi mwenzake Baba anayekuja huko leo, ili uipate kabla ya Ijumaa kwisha. Waambie kiwandani ukurasa wa kwanza haujawa tayari. Wakiuliza ni nani anayewachelewesha, waambie ni mtoto wa miaka kumi, amesema anafikiri.

Wako,
Bi Maswali